Nimejifunza utulivu, sasa nyumbani naitwa sanamu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni baba wa watoto watatu, umri wangu ni arobaini na ushei, na natunza stoo katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Au niseme nilikuwa natunza stoo. Mwaka jana bosi aliniletea karatasi ya kupokelea mzigo imeandikwa mifuko 600 ya saruji. Iliyoshushwa mbele ya macho yangu ilikuwa 520. Akaniambia, "Wewe saini tu, hiyo tofauti tutajuana wenyewe." Sikusaini. Hakunifukuza, ila baada ya wiki chache nikajikuta nimehamishiwa uani kusimamia nondo na mchanga, malipo ya saa za ziada yamekatika, na stoo kapewa kijana anayesaini kila anacholetewa. Kijana huyo sasa ana pikipiki mpya.

Ni kipindi hicho ambapo rafiki yangu mmoja alinirushia kwenye simu mafundisho ya wanafalsafa wa zamani, Wastoiko. Niliyasikiliza usiku baada ya usiku. Kwamba kuna yaliyo ndani ya uwezo wetu na yaliyo nje ya uwezo wetu. Kwamba cheo, mali, sifa na hata afya havimo mikononi mwetu. Kwamba mtu akiwa mwema hapungukiwi na kitu. Mwalimu, yalinishika. Niliacha kugombana na bosi moyoni, nikaacha kuhesabu pesa za yule kijana.

Balaa limeanzia msibani. Mdogo wangu, tumbo moja, amefiwa na binti yake wa miaka sita. Homa ya siku chache tu. Nilikwenda, nilichanga, nilishughulikia turubai na viti, hata kaburi lilipochimbwa nilikuwepo. Sikutoa chozi, na sikujilazimisha. Siku ya pili tumekaa kwenye mkeka, mdogo wangu analia kwa sauti, nikamwambia kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, hili liko nje ya uwezo wetu. Tangu anazaliwa tulijua ni binadamu, na binadamu hufa. Kulia hakubadilishi kitu." Akanyanyuka, akaondoka pale mkekani. Mpaka leo hapokei simu yangu. Hata siku ya kuanua tanga alinikwepa.

Mke wangu ndiye amenimaliza. Alisema mbele ya watoto, "Siku hizi naishi na sanamu." Nikimuuliza nimemkosea nini, hasemi. Nami sijamtukana mtu, silewi, siibi, ada za watoto nalipa. Usiku nakaa macho natazama dari.

Nina maswali mawili. Je, nimekosea, au watu wangu hawaelewi falsafa? Na la pili ndilo linaloniuma: nimekataa wizi, nimejizuia hasira na wivu, mbona sina furaha? Wale wazee walisema wema unatosha. Unatosha kweli?

Mkazi wa Morogoro

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Naitanguliza pole kwa sababu nimeipekua barua yako nikitafuta mahali ulipoona kwamba nawe umefiwa, sikupaona. Umeandika mdogo wako "amefiwa na binti yake", utadhani ni habari ya mtaa wa pili. Mtoto wa mdogo wako wa tumbo moja ni mwanao. Wewe ni baba mkubwa wa marehemu, na watu waliokaa pale walikutazama hivyo: mfiwa, si mtu aliyepita kutoa mkono wa pole.

Sasa tuje kwa hao wazee wako. Wasomaji wa Biblia wanawakumbuka Wastoiko katika Matendo ya Mitume 17, pale Paulo anapokutana nao Athene pamoja na Waepikureo. Shule yao ilianzishwa mjini humo karibu mwaka 300 K.K. na Zeno, mtu wa Kupro, aliyekuwa akifundishia kwenye baraza moja lenye michoro ukutani. Lakini hayo ya ndani na nje ya uwezo yametoka kwa Epictetus, aliyekuja karne nne baadaye. Huyu alizaliwa mtumwa huko Hierapolis, katika Uturuki ya leo, na alikuwa kilema wa mguu. Aliachiwa huru akiwa Roma, na Kaisari Domitian alipowatimua wanafalsafa akahamia Nicopolis, Ugiriki, akafungua shule. Mwenyewe hakuandika, ni mwanafunzi wake Arrian aliyenukuu masomo.

Na hayo uliyomwambia mdogo wako nayajua yalikotoka. Katika kijitabu cha mafundisho yake yaliyofupishwa, Epictetus anasema: ukimbusu mwanao, jiambie kwamba unambusu binadamu, ili akifa usifadhaike. Ni maneno magumu, na wapo waliomchukia kwa ajili yake. Lakini tazama anamwambia nani na wakati gani. Mzazi ajiambie mwenyewe, kimoyomoyo, mtoto akiwa hai na amempakata. Hajamtuma mtu aende matangani akamsomee mfiwa. Kurasa chache mbele, katika kijitabu hichohicho, anasema ukimwona mtu analia kwa majonzi usisite kumpa maneno ya kumfaa, na ikibidi ulie pamoja naye. Ila uangalie usilie na ndani. Mimi hapo mwisho siendi naye. Kilio cha nje kisicho na cha ndani watu wetu wanakitambua upesi sana, na hawakisamehi. Hata hivyo, sheria hiyo ya Epictetus mwenyewe umeivunja.

Kuna kisa chake kimoja ambacho naona ni barua yako kabisa. Ofisa mmoja wa serikali alimtembelea, wakawa wanazungumza, akaulizwa kama ana mke na watoto na anaishije nao. Akajibu kwamba anateseka. Anawapenda watoto wake mno, kiasi kwamba binti yake alipougua juzi na watu kudhani yuko hatarini, alishindwa kukaa karibu na kitanda. Akatoka nyumbani, akakaa huko nje hadi alipoletewa habari kwamba mtoto amepata nafuu. Akatetea kwamba ndivyo wababa walivyo, ni maumbile.

Epictetus hakumwachia. Mama wa mtoto hampendi? Anampenda. Basi naye angeondoka? La. Yaya wake je? Na mtumishi anayemsindikiza shuleni? Wangeondoka wote, mtoto abaki peke yake bila msaada, eti kwa sababu ninyi wote mnampenda sana? Na wewe ukiugua, ungetaka mkeo na wanao wakupende kwa mtindo huo? Yule bwana hakuwa na la kujibu. Alikimbia kwa miguu. Wewe ulibaki palepale mkekani ukakimbia kwa maneno.

Somo jingine anasema anayetaka kujua wajibu wake ayaangalie majina anayoitwa: mwana, kaka, baba, raia. Kila jina lina kazi yake. Yako unayajua, na mojawapo nimelitaja pale juu. Na penginepo, anapoeleza kwa nini mtu afanye mazoezi ya kutawala hisia, anatoa tahadhari ambayo waliokutumia yale mafundisho huenda waliikata: sipaswi kuwa mtu asiye na hisia kama sanamu, bali kutunza mahusiano yangu, ya kuzaliwa nayo na ya kuyapata, kama mcha Mungu, kama mwana, kama kaka, kama baba, kama raia. Kama sanamu, ndivyo alivyosema. Mke wako hajamsoma Epictetus, nadhani, lakini neno lao ni moja.

Na mzee huyo hakuishia darasani. Aliishi miaka mingi peke yake, chumba chake hakina kitu. Uzeeni, rafiki yake mmoja fukara alitaka kumtupa mtoto mchanga, jambo lililokuwa la kawaida enzi hizo. Epictetus akamchukua yule mtoto na kutafuta mwanamke wa kumsaidia kulea. Anayetaka moyo wake usiguswe hachukui mtoto mchanga uzeeni.

Seneca naye, Mstoiko aliyemtangulia, mwalimu wa Kaisari Nero, alimwandikia Lucilius aliyekuwa amefiwa na rafiki: macho yasiwe makavu, wala yasifurike. Halafu katika barua hiyohiyo akakiri kwamba yeye mwenyewe, alipompoteza rafiki yake Annaeus Serenus, alilia kupita kiasi. Wewe umewapita masharti walimu wenyewe, mwanangu. Na kwa hili hatukuhitaji Warumi watufundishe. Yesu alilia machozi penye kaburi la Lazaro. Mtume Muhammad (S.A.W.), alipofiwa na mwanawe Ibrahim, machozi yalimtoka, alipoulizwa akasema jicho latoa machozi na moyo wahuzunika, wala hatusemi ila yanayomridhisha Mola wetu. Angalia kilichochungwa hapo ni ulimi. Chozi liliachiwa.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nimelijibu: umekosea, na falsafa haina hatia.

Kuhusu stoo nakupa mkono, na sisemi kwa adabu tu. Mifuko 80 si mchezo, na aliyekataa kusaini bila kuwa na kazi nyingine mfukoni ana haki ya kulala kifua mbele. Ila pale napo mafundisho yako yamekupunja. Ulipohamishwa, posho ikakatwa, ulisema "liko nje ya uwezo wangu" ukanyamaza. Sivyo. Kurudishwa stoo kuko nje ya uwezo wako. Kudai kuko ndani. Epictetus aliwahadithia wanafunzi wake juu ya Helvidius Priscus, mjumbe wa Seneti ya Roma, ambaye Kaisari Vespasian alimtumia ujumbe asiingie kikaoni. Helvidius akajibu: uwezo wa kuniondoa katika Seneti unao, lakini maadamu ni mjumbe, lazima niingie. Kaisari akasema: basi ingia ukae kimya. Usiniulize maoni, nami nitakaa kimya. Lakini lazima nikuulize. Nami lazima niseme ninaloona ni haki. Ukisema nitakuua. Je, niliwahi kukwambia kwamba mimi sifi? Wewe fanya yako, nami nitafanya yangu.

Na aliuawa kweli. Sikutumii huko, bosi wa duka la nondo si Kaisari. Nataka uone tu kwamba utulivu wa hao watu ulikuwa unawapeleka kikaoni.

Tukija kwenye swali la pili, hapo wazee wenyewe waligombana, na mimi nitakwambia niko upande gani.

Wastoiko walisema wema unatosha. Mwenye hekima ana furaha hata akiwa kwenye mateso. Aristotle, aliyefundisha Athene kizazi kimoja kabla ya Zeno, alikuwa amekwisha kulikataa wazo hilo. Alisema anayedai kwamba mtu aliye kwenye chombo cha mateso, au aliyeangukiwa na misiba mikubwa, ana furaha ili mradi ni mwema, anasema upuuzi, atake asitake. Mfano wake ni Priamo, mfalme wa Troya, ambaye uzeeni aliona wanawe wakiuawa na mji wake ukiangamia. Mtu mwema akifika hapo, alisema Aristotle, hawezi kuwa duni kabisa, kwa sababu hatatenda ya aibu. Lakini hatuwezi pia kumwita mwenye heri. Nakubaliana naye. (Aristotle huyuhuyu alitetea utumwa kwamba wengine wamezaliwa kwa ajili hiyo, kwa hiyo mtu asidhani namfuata kila aendako. Kwa utumwa namsikiliza aliyezaliwa mtumwa.)

Kwa hiyo wema wako haukukudanganya. Umehamishwa kazi kwa kuwa mwaminifu, ndani ya nyumba pamepoa, umezika mtoto. Asiyekuwa na furaha katika hali hiyo hana ugonjwa wa roho. Ningeshangaa kama ungekuwa nayo.

Lakini kuna jingine. Soma tena jinsi ulivyouhesabu wema wako: sijatukana, silewi, siibi, nimejizuia. Ukiacha ada za watoto, yote ni mambo usiyoyafanya. Aristotle anasema kwenye michezo ya Olimpiki taji halivishwi aliye mzuri na mwenye nguvu kuliko wengine, linavishwa aliyeingia uwanjani. Furaha kwake ni kazi inayofanywa, tena kwa maisha mazima, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa pamoja na watu wengine na kwa ajili yao. Kitabu chake cha maadili kina sehemu kumi, na mbili nzima ni za urafiki; kwa maana hiyo anaingiza na ndugu, mke na watoto. Anasema hakuna ambaye angechagua kuishi bila rafiki hata kama angekuwa na mema mengine yote. Hata Epikuro, mwanzilishi wa wale Waepikureo, ambaye watu humzulia kwamba alihubiri ulafi, aliuweka urafiki juu ya yote ambayo hekima huleta kwa ajili ya furaha. Sasa wewe umejizuia na bosi, ukajizuia na yule kijana, ukajizoesha, mwisho ukajizuia na mdogo wako na mama watoto pia. Mazoezi hayachagui.

Tena Aristotle hakuona kila hasira ni ubaya. Anayekasirika juu ya jambo linalostahili, kwa mtu anayestahili, kwa kiasi na kwa wakati wake, anasifiwa; asiyekasirika pale inapostahili anaonekana mpumbavu. Ulikuwa na haki ya kukasirikia ile karatasi. Na nadhani hasira ile haijaondoka. Unasema umeacha kuhesabu pesa za kijana wa watu, lakini pikipiki yake umeona kwamba ni mpya.

Basi fanya hivi. Nenda kwa mdogo wako, uende na mkeo, na msiende mikono mitupu. Sukari, unga, kile mnachojaliwa. Usipige simu kwanza kuomba ruhusa, kwa sababu hapokei. Ukifika, usianze na maelezo. Wala usilitaje jina la Epictetus, nakusihi. Mwambie, "Nilisema vibaya, na mimi yule alikuwa mwanangu," kisha unyamaze. Akikufokea, kaa. Akikataa kutoka chumbani, mkeo ataingia kwa shemeji yake, wewe utakaa nje na watoto, na wiki inayofuata utarudi. Kama kaburi bado halijajengewa, uliza mwanzilishi ni nani na wewe ulete saruji. Wa kuijua saruji katika ukoo ni wewe. Msiba kwetu haumaliziki kwa kuanua tanga. Watu wakishatawanyika na sufuria kurudishwa kwa wenyewe ndipo mfiwa anapoanza kukaa peke yake, na hapo ndipo nafasi yako bado ipo.

Mama watoto usimuulize tena "nimekukosea nini". Anakuona ukitazama dari. Usiku mmojawapo mwambie unachokiona huko. Mwambie kuhusu ile karatasi pia, maana sidhani kama ulimsimulia yote. Barua yako haisemi popote kwamba alikuwa na neno juu ya jambo hilo, na pesa iliyokatwa ndiyo anayopikia. Machozi yakija, yaache. Yasipokuja usiyatafute, na usiyafanyie hesabu.

Usingizi ukiendelea kukupaa hata baada ya kwenda kwa mdogo wako, nenda hospitali ukaeleze hivyohivyo ulivyonieleza mimi. Majonzi yaliyozuiwa yanajua kuingia mwilini, na wauguzi wetu wameona mengi. Halafu uandike barua kwa mwenye duka, si kwa bosi wako, ueleze tarehe, idadi ya mifuko na kilichofuata, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inasikiliza migogoro ya kazi ya namna hiyo, na ina ukomo wa muda wa kupokea malalamiko, kwa hiyo kaulize mapema kama wako haujapita.

Mwalimu